Farasi Si Ng'ombe wa Bandani

Marahaba, wanangu, marahaba! Shikamoo zenu nimezipokea zote, hata ya yule aliyeitoa huku anachezea simu. Wiki iliyopita vijana wawili wanaofanya kazi kwenye mabanda ya farasi walinijia hapa nyumbani Shirimatunda, wakakaa kwenye kochi langu, chai wakaiacha inapoa, wakaniuliza: "Bibi Anansia, kuna farasi wetu anasimama mlangoni anayumba kushoto, kulia, kushoto, kulia, kutwa nzima. Tumpe dawa gani?"

Dawa! Nilicheka mpaka miwani ikadondoka. Nikawauliza, huyo farasi anatoka nje saa ngapi? Hatoki, mvua zimezidi. Anakula mara ngapi? Asubuhi na jioni. Na hapo katikati anafanya nini? Anayumba, bibi. Nikawaambia haumwi huyo, amechoka kutazama ukuta. Hata wewe ningekufungia stoo mwezi mzima ungeyumba.

Jambo lenyewe halikuisha kwa kikombe kimoja cha chai, kwa hiyo naliandika hapa, mlisome wote mnaofanya usaisi huku kwetu. Saisi ni mtunza farasi, kwa wale ambao hawajawahi kunusa banda. Nimeifanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa, kwenye shamba moja juu kidogo ya Kiboriloni ambako wageni huja kupanda farasi na kushuka nao hadi tambarare. Nilikosea sana. Nitawaambia makosa yote, msiyarudie, mtafute ya kwenu.

Kwanza mjue kwamba sikuajiriwa kushika farasi. Niliajiriwa kukata majani. Kwetu mlimani ng'ombe hatoki nje. Anazaliwa ndani ya banda, anakua humo, anazaa humo, na jua analiona kupitia nafasi za mbao. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimejaa migomba na kahawa, utamchungia wapi? Majani ndiyo yanamfuata yeye, kichwani kwa mama. Nimebeba majani tangu nikiwa na meno ya utoto, kwa hiyo Baba Irene, mwenye shamba, aliponiona napita na mzigo wangu akaniambia njoo unikatie na mimi. Baadaye saisi wake mmoja aliacha kazi ghafla, akaenda kubebea wageni mizigo mlimani. Baba Irene akaniomba nishike nafasi kwa wiki moja. Ile wiki haikuisha mpaka nilipostaafu.

Nikapewa Shela. Farasi jike, kahawia, mwenye mstari mweupe unaoshuka usoni kama shela ya bibi harusi, na macho ya mtu anayekukagua kama umenawa mikono. Nilimpenda siku ile ile. Nikamtunza kama ng'ombe wa mama yangu. Usafi wa banda, weee! Asubuhi namwagia mzigo mzima wa majani, nafunga mlango wa chini, nafunga na wa juu asipigwe na baridi, naondoka naimba. Nilijua kabisa Shela ananiombea kwa Mungu.

Baada ya siku chache akaanza kula mlango. Anashika ubao kwa meno ya mbele, anakaza shingo, anavuta hewa, grrk! Tena na tena. Mimi na akili zangu nikatwanga pilipili mbuzi, nikaupaka ule ubao. Shela akanusa, akapiga chafya, akahamia ubao wa pili. Nikapaka wa pili, akahamia wa tatu. Siku ya nne nikajisahau nikajifuta jicho. Jamani! Mzee Zakayo alinikuta nimepiga magoti, kichwa kiko ndani ya ndoo ya maji ya farasi, na farasi mwenyewe amesimama ananitazama kwa furaha kubwa. Nadhani ndiyo burudani pekee aliyoipata wiki ile.

Mzee Zakayo ndiye alikuwa mkuu wa masaisi. Mfupi, mkali, mpiga tarumbeta la bezi kanisani, na ana kawaida ya kukohoa kabla hajakusema. Akakohoa. "Anansia, hujambo?"

"Sijambo, mzee, jicho tu."

"Ng'ombe wenu akimaliza kula anafanya nini?"

"Analala anacheua."

"Anacheua muda gani?"

"Nusu siku, mzee."

"Haya. Farasi hacheui. Akimaliza kula amemaliza. Wewe umempa chakula kwa mara moja, amekila, ukamfungia dunia nzima kwa nje. Sasa unataka afanye nini, asome Biblia?"

Akafungua ule mlango wa juu. Shela akatoa kichwa, akavuta pumzi ndefu, masikio yakasimama. Kuku anapita, anamtazama. Toroli linapita, analitazama. Nilisimama pale na jicho langu moja jekundu, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa ng'ombe tangu nizaliwe: mnyama anayetaka habari. Wanangu, kazi yangu yote ilianzia hapo, na mpaka leo nikilikumbuka nasisimka.

Sasa niwaambie siku mambo yalipogeuka kuwa ya kufa na kupona. Shela alikuwa amebeba mgeni huko tambarare, akakanyaga shimo la muhanga, yule mnyama anayechimba usiku kutafuta mchwa. Mgeni hakuumia, alikalia tu miiba kidogo. Lakini Shela alirudi anachechemea, mguu wa mbele wa kushoto umevimba nyuma, pale kwenye kano. Baba Irene akampigia Dokta Salma, daktari wa mifugo, binti wa Majengo mwenye sauti ndogo na maneno makubwa. Akapima, akanyanyuka, akajifuta mikono.

"Kano limechanika. Linaweza kuunga," akasema. "Lakini asitoke ndani kwa wiki kumi. Asikimbie, asizunguke, asipige mateke, asisimame kwa miguu miwili. Akichanganyikiwa humo ndani akaanza kuzunguka, litakatika lote."

"Likikatika?" Baba Irene akauliza.

"Likikatika hakuna la kufanya, baba. Sindano ya mwisho."

Baba Irene hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analiheshimu neno lake, na akalisema mbele yetu: likikatika sitamwacha ateseke hata siku moja. Yule ambaye saa moja tu ndani bila kazi anaanza kula mlango, akae wiki kumi? Nikasema, baba, nipe mimi. Usinipe farasi mwingine yeyote, nipe huyu peke yake. Mzee Zakayo akakohoa, nikajua ananisema, lakini akasema: "Mpe. Ana kichwa kigumu, wataelewana."

Haya, sikilizeni sasa. Chakula kwanza. Yale majani niliyokuwa namwaga mara moja niliyagawa mara sita, na kila mara nayaweka kivingine. Mara kwenye wavu wenye matundu madogo, avute jani moja moja. Mara nayasambaza kona nne za banda, ayatafute. Mara nachanganya majani mabichi ya mabingobingo na makavu na vipande vya karoti chini kabisa, achambue. Lengo ni kwamba chakula cha saa moja kiwe kazi ya saa tatu. Wavu uning'inizwe juu, mdomo wake ufike lakini mguu usifike. Msiniambie mmesahau, farasi akinasa kwato kwenye wavu mtalia nyote.

Halafu nikapata wazo la dumu. Nikachukua dumu la mafuta ya kula la lita tano, nikalitoboa matundu, nikatia punje za mahindi, nikalining'iniza. Nilijiona profesa. Shela akalipiga kwa pua, punje mbili zikadondoka, akala. Akalipiga tena, hakuna kitu. Tena, hakuna. Matundu yalikuwa madogo! Akakasirika, akalisukuma kwa nguvu, dumu likaenda likarudi likampiga kwenye paji la uso. Mama yangu! Akageuka akalitandika teke la nyuma, pwaa! Nilihisi lile teke limenipiga mimi kifuani. Nikaikata kamba ya dumu, nikaushika mguu mgonjwa, nikalipapasa kano lote. Bahati yetu aliegemea mguu mzima.

Toka siku hiyo nikajifunza: mchezo unaomkera farasi ni mbaya kuliko kukosa mchezo kabisa. Nikapanua matundu, dumu nikalifunga chini kwa kamba ya pili lisipepee, na siku ya kwanza nikasimama naye mpaka akajua siri yake. Kifaa kipya chochote, kaa naye. Usitundike ukaenda kunywa uji.

Mgomba je? Ah, mgomba! Nilikata kipande cha shina la mgomba, kirefu kama mkono, nikakipitisha kamba katikati nikakining'iniza. Shela alikibandua ganda moja moja asubuhi nzima, maji yanamchuruzika kidevuni, macho nusu yamefumba. Kipande kimoja tu kwa siku, maana si chakula, ni kazi ya mdomo. Siku ile nilienda kuwaita watu waje waone. Hata mpishi alitoka na mwiko wake mkononi.

Na huo mwiko niliuchukua, sikuurudisha. Nilimfundisha Shela kugusa ncha ya mwiko kwa pua. Akigusa, napiga ulimi, tk, nampa kipande cha karoti. Siku tatu tu akawa ameelewa. Mwiko ukienda kushoto, pua kushoto. Mwiko ukitulia, naye anatulia. Dakika kumi za kufikiri zilimchosha kuliko saa nzima ya kutembea, nawaambieni ukweli. Na Dokta Salma alipokuja kubadilisha bandeji, aliyozoea kuifunga huku watu watatu wamemshika Shela, alimkuta ametulia tuli pua ikiwa kwenye mwiko. Akaniuliza: "Mama, umemfanyia dawa ya kienyeji?" Nikamwambia ndiyo, inaitwa karoti.

Kioo nacho. Niliona namna anavyowatafuta wenzake kwa macho, nikataka kumpa uso wa kutazama. Nilibeba kioo cha kabati nyumbani, Mzee Zakayo akanirudisha getini: "Unataka ajichinje?" Nikaenda kwa fundi mmoja Majengo, akanitobolea sinia kubwa la chuma kisichoshika kutu, akalilainisha kingo, tukalikaza ukutani kwa skrubu. Shela alipojiona akalia kwa sauti nyembamba, akarudi nyuma, akaja, akapumulia lile sinia likaingia ukungu. Kuanzia siku hiyo akawa na rafiki ambaye hamwibii chakula.

Tarumbeta lilikuwa mchango wa Mzee Zakayo. Mkewe alikuwa amemkataza kufanyia mazoezi nyumbani, kwa hiyo akaja kuyafanyia nyuma ya banda mchana watu wakipumzika. Bezi lile, buuum, buuum! Dakika kumi za kwanza Shela anasikiliza kwa masikio yote mawili. Baada ya hapo anageuka anampa makalio. Mzee aliumia moyo, lakini mimi nilikuwa nimejifunza: hata kizuri kikizidi ni kero. Ninyi mnaowafungulia farasi redio ya bongo fleva kuanzia asubuhi mpaka jioni mnadhani mnawaburudisha? Mnajiburudisha wenyewe. Fungua kidogo, zima, mwache asikie ndege.

Sasa kosa langu kubwa. Nikiliandika hili mkono unakuwa mzito.

Ilikuwa wiki ya nne. Mambo yananiendea vizuri, kichwa kimevimba, kila siku natafuta kitu kipya. Nyumbani tulikuwa tumepogoa miti kihambani ili kahawa ipate jua, na matawi yamelala chini, mabichi, yamejaa majani. Nikakumbuka namna farasi wanavyopenda kuchuma majani kwenye tawi. Nikachagua tawi zuri kuliko yote, nikalibeba begani kutoka juu hadi shambani, nikalitundika mlangoni kwa Shela. Akalifurahia! Nikakaa kwenye ndoo namtazama anachuma, moyo umejaa.

Lilikuwa tawi la mparachichi.

Mzee Zakayo alipita, akanusa hewa, akasimama. Hakukohoa. Alilivuta lile tawi kwa mikono miwili akalitupa nje ya ua, akaingiza vidole mdomoni mwa Shela kutoa alichokuwa anatafuna. "Amekula mangapi? Anansia! Amekula mangapi?" Sikujua. Labda viganja viwili. Ndipo akaniambia kwamba majani ya mparachichi ni sumu kwa farasi, yanaweza kuupiga moyo wake. Mti huo umesimama kwenye kila kihamba, tumekulia chini yake, nani angeniambia ni sumu? Lakini hiyo si sababu. Mimi ndiye nilitakiwa kuuliza.

Dokta Salma alifika kabla ya saa sita. Midomo ya Shela ilikuwa imeanza kuvimba, na juu ya macho pia. Akamchoma sindano, akasikiliza moyo, akasikiliza tena. Siku mbili nilikaa nje ya banda, Baba Irene amekataa nisiingie. Siku ya tatu uvimbe ukashuka, Shela akala, Dokta akasema moyo uko sawa. Na Baba Irene akasema nirudi kukata majani, Shela atashikwa na mwingine.

Vijana, nilichofanya baada ya hapo mnakijua ninyi mliokulia huku. Nilienda kwenye mpaka wa kihamba chetu nikachuma isale, nikalifunga fundo, nikaenda mpaka mlangoni kwa Baba Irene. Mchaga akiletewa jani hilo la kuomba radhi hawezi kukufungia mlango, hata awe na hasira za namna gani. Alitoka, akaliona mkononi mwangu, akashusha mabega.

"Anansia, hili unaniletea mimi kwa nini? Aliyelishwa sumu ni mimi?"

Nikaona ana haki! Nikageuka pale pale na isale langu, nikaenda mbio bandani, nikalinyoosha kwa Shela kwa adabu zote, machozi yananitoka, nasema nisamehe, mama, nisamehe. Shela akanyoosha shingo, akafungua mdomo.

"Wewe!" Mzee Zakayo alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua, ndoo ikamdondoka. "Usimpe jani jingine wewe mwanamke!"

Baba Irene aliyekuwa amenifuata nyuma alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nacheka nalia, Mzee anatukana kwa Kichaga, Shela anashangaa jani limekwenda wapi. Hapo ndipo nikasamehewa. Lakini kwa sharti moja, na Dokta Salma alilirudia kwenye simu: kabla hujampa kitu kipya, hata unyasi, piga simu uulize. Nimelishika sharti hilo mpaka siku yangu ya mwisho kazini. Ninyi mna simu zenye majibu ya kila kitu, tena mna Dokta, kwa hiyo hamna kisingizio.

Tukaendelea. Wiki ya sita tulitoboa dirisha ukuta wa nyuma, upande wa njia ya watu wanaoshuka na ndizi kwenda soko la Kiboriloni. Ah, kama kuna kitu kimoja ningewaachia kama urithi, ni dirisha! Siku za soko Shela alikuwa hana nafasi hata ya kula. Mikungu inapita, watoto wanapita, kina mama wanasimama wanamwamkia: "Shikamoo, Shela!" Mimi kwa ndani najibu marahaba kwa sauti nzito, wanakufa kwa kicheko.

Lakini kulikuwa na saa moja mbaya kila siku, saa ambayo farasi wengine wanatandikwa kwenda na wageni. Akiwaona wanaondoka, damu inamchemka. Kwa hiyo dakika chache kabla yake nilikuwa namwekea kile anachokipenda kuliko vyote, mgomba na dumu kwa pamoja, mgongo wake ukiwa upande wa ua. Kila farasi ana saa yake mbaya. Itafute, uiwahi.

Wiki ya nane nikachelewa. Wageni walikuja mapema kuliko ilivyosemwa, na mimi nilikuwa bado njiani. Nilipoingia uani farasi wa mwisho alikuwa anatoka getini, na Shela ndani anazunguka. Anazunguka! Anageukia ule mguu, anapiga ubao kwa kifua, analia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikamwita, hakunisikia. Mwiko, hakuuona. Karoti aliikanyaga. Nikajiambia Anansia, mbwembwe zako zote zimekwisha, sasa umebaki wewe na mikono yako.

Nikaingia. Msinifuate katika hilo, lakini niliingia. Nikamwegemea begani, nikaanza kumkuna pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo farasi hukunana wao kwa wao kwa meno. Nilikuna kwa kucha zote kumi, kwa nguvu. Raundi moja nimeburutwa naye. Ya pili. Ya tatu akapunguza. Nikazidi kukuna, naongea Kichaga kitupu, mambo ya nyumbani, nani ameolewa, nani amegombana na nani. Akasimama. Mdomo wa juu ukaanza kumcheza, ule wa kusikia raha. Mikono yangu ilikufa ganzi, Mzee Zakayo akaingia taratibu akapokea upande wa pili. Tulimkuna mpaka wenzake waliporudi.

Nikashika mguu. Una moto.

Dokta Salma alisema kwenye simu tumwagie maji ya baridi, dakika ishirini, tupumzike, tena dakika ishirini, na yeye atakuja kesho. Maji ya bomba yalikuwa ya uvuguvugu. Lakini juu ya shamba mfongo ulikuwa unapita, ule mfereji wetu wa wazee unaoleta maji kutoka msituni, na maji yale yanauma mifupa. Wote tulibeba ndoo. Mpishi, mtunza bustani, Baba Irene mwenyewe kavua viatu, suruali kaikunja magotini. Kila mtu alikuwa anaiwaza ile sindano.

Kesho yake Dokta akapapasa muda mrefu sana. Mguu ulikuwa umepoa. Akasema hawezi kujua mpaka wiki ya kumi, atakapoleta mashine ya kupiga picha ya ndani. Wiki mbili hizo sikuchelewa hata dakika moja, nililala shambani kwenye stoo ya matandiko.

Siku ya picha Dokta alinyoa manyoya kidogo, akapaka dawa inayoteleza, akatembeza kile kidude mguuni huku anatazama kioo chake. Mimi nilikuwa namwonyesha Shela mwiko, lakini mwiko wenyewe ulikuwa unatetemeka, akawa hajui aguse wapi. Dokta akanyanyua kichwa. "Limeunga," akasema. "Mama, limeunga vizuri." Mzee Zakayo akaenda nje, tukasikia bezi, buuum, halafu kikohozi kirefu.

Hatukumwachia papo hapo, mjue hilo. Tulimtembeza kwa kamba, siku za mwanzo dakika tano tu, kisha kumi, wiki baada ya wiki, mpaka Dokta aliporuhusu uwanja mdogo wenye nyasi nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo ilikuwa siku niliyoiogopa kuliko zote, maana farasi aliyefungiwa akiachiwa anaweza kuruka akaharibu kila kitu kwa dakika moja. Baba Irene alisimama na mimi kwenye uzio. Mzee Zakayo akamfungua kamba, akarudi nyuma polepole.

Shela alisimama. Akanusa upepo. Akatembea hatua saba, nilizihesabu, akapiga magoti, akajigaragaza mavumbini miguu yote minne hewani, akanyanyuka akajikung'uta, akainamisha kichwa akaanza kula nyasi. Kwa utulivu kabisa, kama mtu ambaye siku zake zilikuwa zimejaa shughuli na hii ni mojawapo tu.

Nikamwita. "Shela!" Sikio moja likasogea, kichwa hakikunyanyuka. Nikamwita tena, nikapiga ulimi, tk, nikanyoosha karoti juu ya uzio. Akanigeuzia mgongo, akaenda kwa wenzake waliokuwa upande wa pili wa uzio, akawanusa pua kwa pua, akaendelea kula.

"Anansia," Baba Irene akasema kwa upole, maana alidhani nimeumia, "naona hakutaki tena."

"Hanitaki!" nikapiga kelele. "Hanitaki, baba! Asante Yesu, ana shughuli zake, hanitaki kabisa!" Nikakumbatia nguzo ya uzio nikalia mbele ya bosi wangu, karoti ingali mkononi, kwa furaha ambayo sikuipata tena katika kazi ile mpaka nilipostaafu.